Kuvimba si Kunenepa: Utapiamlo na Upungufu wa Vitamini kwa Watoto Wetu

     Leo tutazungumza juu ya utapiamlo na upungufu wa vitamini: unaletwa na nini, unamfanya nini mtoto, na sisi walezi tufanye nini kuuzuia. Kama mtoto yuko karibu nawe, mkalishe mapajani, maana kuna mahali nitakuomba umtazame miguu.

Nianze na kisa

Siku moja wakati wa kusi, bahari imechafuka, mama mmoja alifika kliniki kwa mashua kutoka kisiwa kimoja cha kwetu. Alikuja kupimwa mimba yake ya miezi mitano. Mkononi alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa, na miguu ilikuwa minene. Nilipomuuliza habari za mtoto aliniambia, "Huyu mzima, ila siku hizi amekuwa mvivu. Hachezi, hataki kula, na akiguswa analia." Majirani walikuwa wakimpongeza kwamba, mashallah, mwanawe amenawiri.

Nikambonyeza mtoto juu ya unyayo kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tatu, nikaachia. Shimo likabaki, kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Nikabonyeza mguu wa pili, nao ukabaki na shimo. Nywele zake zilikuwa nyepesi na zimegeuka rangi ya kutu, na zikivutwa zilikuwa ziking'oka bila yeye kuhisi. Ngozi ya mapajani ilikuwa inabambuka.

Mtoto yule hakuwa amenenepa. Alikuwa amevimba maji kwa sababu ya utapiamlo. Nilipomwambia hivyo mama yake alitazama chini, akaona kama nimemtukana. Nyumbani kwao wanapika kila siku, na baba ni mvuvi. Mtoto wa mvuvi atapataje utapiamlo? Swali hilo ndilo tutakalolijibu leo.

Utapiamlo ni nini?

Utapiamlo ni hali ya mwili kukosa chakula cha kutosha, au kupata chakula kingi cha aina moja na kukosa vingine vinavyohitajika. Mtoto anaweza kushiba wali kila siku na bado akawa na utapiamlo. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata cha kujengea nyama, damu, macho na akili.

Utapiamlo unaonekana kwa namna nne, nazo ni hizi:

Kwanza, kukonda. Mtoto anabaki mifupa na ngozi, uso unakuwa kama wa mzee, na ngozi ya makalio inaning'inia. Hii wataalamu huiita marasmasi. Mwili umekosa chakula cha kila aina, ukaanza kujila wenyewe.

Pili, kuvimba. Huu ndio ugonjwa wa kwashiakoo, wengine huuita unyafuzi. Unaanzia miguuni, miguu yote miwili, kisha mikono na uso. Jina kwashiakoo lilitoka kwa Waga wa pwani ya Ghana. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliliandika katika miaka ya 1930. Wenyeji walimweleza kwamba ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Yaani mtoto ameondolewa kwenye titi kumpisha mwingine, na hakupewa chakula cha kushika nafasi ya maziwa aliyoyakosa. Mama, huko ni mbali sana na Lamu, lakini sikiliza jinsi inavyofanana na kisa chetu.

Tatu, kudumaa. Mtoto ni mfupi kuliko umri wake. Huyu hatishi mtu. Tunasema, "Ni mbegu ya kwao, babu yake pia alikuwa mfupi." Lakini mtoto aliyedumaa hadumai mifupa tu, na ubongo wake pia hukosa chakula wakati ule ule unapokua kwa kasi. Anaweza kuchelewa kusema na kuwa mzito darasani. Kwa Kenya nzima, mwaka 2008 hadi 2009 watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 walikuwa 18. Tumepiga hatua, lakini 18 katika 100 bado ni wengi.

Nne, njaa iliyojificha. Huu ni upungufu wa vitamini na madini. Mtoto anaweza kuwa na mwili mzuri kwa kumtazama, huku ndani damu ni kidogo au macho yanaanza kuharibika.

Siku 1,000

Wakati wenye maana kuliko wote ni tangu siku mimba inapoingia mpaka mtoto atimize miaka miwili. Ukihesabu ni kama siku 1,000. Katika siku hizo ndipo ubongo na mifupa hujengwa. Mtoto aliyedumaa akapita miaka miwili ni vigumu sana kumrudishia kimo alichokipoteza. Waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakizungumza juu ya malezi, na lishe pia ni malezi.

Sababu za utapiamlo kwetu

Ya kwanza ni kukosa chakula chenyewe. Kusi linapovuma, bahari huwa kali, vyombo vidogo havitoki, na nyumba ya mvuvi hukaa bila kitoweo na bila pesa. Huko bara mvua zikikosa mahindi hayazai, na mifugo haina maziwa, kama tulivyoona katika ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020. Ndugu zetu Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, zamani walikula nyama ya mwituni, asali na matunda ya msituni. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977, sahani yao ilibadilika. Nyama ilipotoka, mahindi hayakuweza kuijaza nafasi hiyo peke yake.

Ya pili ni kwamba chakula kipo, lakini hakimfikii mtoto. Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Samaki mzuri anauzwa, kamba wanakwenda hotelini, na pesa zinazorudi zinanunua unga, sukari na majani ya chai. Siku samaki anapopikwa, nofu zinakwenda kwenye sinia la wanaume, na mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya wali. Mama, mchuzi si samaki. Mchuzi una ladha ya samaki, lakini kinachojenga mwili kimebaki kwenye nofu. Chambua nofu, toa miiba kwa vidole vyako, iponde na umwekee mtoto kwanza kabla sinia halijaondoka jikoni.

Ya tatu ni namna ya kunyonyesha na kulikiza. Wapo watoto wanaopewa maji, maji ya sukari au uji kabla ya miezi sita, na wapo wanaoachishwa titi kwa ghafla. Nitarudi hapa.

Ya nne ni maradhi. Mtoto akiharisha, chakula kinapita bila kufanya kazi. Malaria inakula damu. Minyoo nayo inakula damu na chakula. Surua inamaliza vitamini A mwilini. Na mtoto aliyekosa lishe anaugua kwa urahisi, akiugua hataki kula, asipokula anadhoofika zaidi. Ni kama chombo kinachovuja: ukichota maji bila kuziba tundu, utachota mpaka uchoke. Kwa hiyo maji ya jabia au ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kulisha, na baada ya kutoka chooni.

Ya tano ni kuzaa kwa kufuatana. Mama aliyebeba mimba kabla mtoto hajatimiza miaka miwili hupungukiwa yeye na kuwapunguzia watoto wote wawili. Kupanga uzazi ni sehemu ya lishe. Zungumza na mume wako, na mfike kliniki pamoja.

Vitamini na madini: kila kimoja na kazi yake

Vitamini A hulinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kupigana na maradhi. Akiikosa, dalili ya kwanza ni kutoona magharibi. Mchana anacheza, jua likishatua anapapasa ukuta na kujikwaa. Baadaye jicho linakauka, linatoa mabaka meupe kama povu, na mwisho mboni inaharibika na mtoto anapofuka. Upofu huo haurudi. Vitamini A inapatikana katika maini, kiini cha yai, maziwa, na katika vyakula vya rangi: embe, papai, boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mchicha, kisamvu, majani ya kunde na majani ya mlonge. Mwili huipokea vizuri vitamini hii ikiwa chakula kina mafuta kidogo. Basi bibi zetu waliopika mboga kwa tui la nazi walikuwa wamepatia. Kliniki pia hutoa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, bila malipo. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, huwa ni nafasi nzuri ya kuwafikia waliokosa.

Madini ya chuma hutengeneza damu. Upungufu wake huleta safura: viganja na ndani ya kope hupauka, mtoto huchoka upesi, moyo hupiga mbio, na wengine hula udongo. Kwa mama mjamzito, damu ikiwa kidogo, hata kutokwa na damu kwa kawaida wakati wa kuzaa kunaweza kumuua. Chuma kinapatikana katika nyama, maini, samaki, dagaa, kunde, pojo, mbaazi na mboga za kijani. Hapa nina mambo mawili ya kukuomba. Kamulia ndimu au mpe mtoto embe au chungwa pamoja na chakula, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga na kunde. Na usimpe mtoto chai, iwe ya rangi au ya maziwa. Chai huzuia chuma hicho kuingia mwilini. Wewe mwenyewe ukiwa mjamzito, chai yako inywe baada ya muda, isifuatane na chakula.

Vitamini C ikikosekana kabisa huleta kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, na vidonda haviponi. Mabaharia wa zamani waliijua. Mwaka 1499 Vasco da Gama alipofika Malindi akirudi kutoka India, wengi katika watu wake walikuwa wamekufa njiani kwa ugonjwa huo, na waliobaki waliomba machungwa. Sisi tuna ndimu, embe, mapera na mapapai. Mtoto wa Lamu hana haja ya kupata kiseyeye.

Vitamini D huimarisha mifupa, na akiikosa mtoto hupata matege. Nyingi tunaipata kwa jua kugusa ngozi. Nyumba zetu za mawe za Amu zina ubaridi mzuri, lakini jua haliingii vyumba vya ndani. Mtoto mchanga asifungiwe ndani mwezi baada ya mwezi. Mtoe kiwandani au darini asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi kabla jua halijawa kali. Samaki wa mafuta na kiini cha yai pia husaidia.

Ayodini hukuza akili ya mtoto tangu tumboni. Ikikosekana mama hupata rovu shingoni, na mtoto anaweza kuzaliwa na akili pungufu. Samaki wa baharini wanayo, lakini usitegemee samaki peke yake. Nunua chumvi ya pakiti iliyotiwa ayodini, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na unyevu, na itie chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya kuokota iliyokauka ufukweni haina ayodini ya kutosha.

Asidi foliki inahitajika mwanzo kabisa wa mimba ili uti wa mgongo na ubongo wa mtoto ujifunge sawasawa. Ndiyo maana kliniki humpa mjamzito vidonge vya chuma pamoja na foliki, kimoja kila siku mpaka ajifungue. Vikikuchafua moyo, meza usiku kabla ya kulala. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya dawa. Usivitupe nyuma ya kabati, nakuomba.

Namna ya kulisha

Mtoto akizaliwa, muweke kwenye titi ndani ya saa moja. Maziwa ya mwanzo ya manjano ndiyo kinga yake ya kwanza. Usiyakamue ukayamwaga. Najua wengi wetu humtia mtoto tende kidogo kinywani kwa kufuata Sunna. Anayefanya hivyo na aoshe mikono vizuri kwa sabuni, iwe ni kugusisha tu, kisha mtoto arudi kwenye titi. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kumletea sumu hatari.

Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama pekee. Maji hayahitajiki, hata wakati wa joto la kaskazi, kwa kuwa maziwa yana maji ya kutosha.

Akitimiza miezi sita, mwanzishie chakula na uendelee kumnyonyesha. Anza na vijiko viwili au vitatu vya uji mzito au chakula kilichopondwa, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara tatu au nne. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, kama ndizi, papai au kiazi. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mlo mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Uji mwepesi unaomiminika kama maji haumtoshi. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Utie maziwa, au njugu zilizosagwa laini, au kijiko cha mafuta, au dagaa waliokaushwa na kusagwa wakawa unga. Dagaa hao utawanunua kwa bei nafuu wakati wa samaki wengi, uwakaushe vizuri, uwasage na uwahifadhi kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Kusi likija, mtoto ana akiba yake.

Mpango wa siku moja unaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa mtama wenye maziwa au unga wa dagaa. Saa nne, papai au ndizi. Mchana, wali au ugali laini, nofu za samaki zilizopondwa, na mchicha wa nazi. Jioni, kiazi kitamu au muhogo na yai. Usiku, kunde au pojo za nazi na chapati laini iliyolowekwa. Na titi kila anapotaka. Siku ambayo samaki hakuna, kunde na pojo zitashika nafasi yake. Mahamri na chai si kiamsha kinywa cha mtoto mdogo. Soda na vitafunio vya pakiti havijengi chochote. Pesa ya soda moja ukiiongeza kidogo unapata yai.

Maswali ambayo huulizwa mara nyingi

Nikipata mimba, je, maziwa yanaharibika? Hapana. Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Mama mzima anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa mjamzito, mradi ale zaidi na ahudhurie kliniki. Kama una dalili za mimba kutishia kutoka, muulize muuguzi kwanza. Ikibidi kuachisha, achisha polepole kwa wiki kadhaa, na umpe mtoto maziwa, mayai na samaki. Waislamu wanajua kwamba katika Surat al-Baqara imetajwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Na sisi wa hospitali tunashauri miaka miwili au zaidi.

Je, mtoto aliyevimba amepatwa na jicho, au amebemendwa? Siwezi kukukataza dua, na mimi mwenyewe husoma. Lakini soma dua ukiwa njiani kuja hospitali. Mtoto mwenye kwashiakoo anaweza kufa ndani ya siku chache, kwa maambukizi au kwa sukari kushuka mwilini. Na neno kubemenda lina ubaya mwingine. Linamfanya mama aone haya na kumficha mtoto, kwa kuogopa watu watasema yeye au mume wake alitoka nje ya ndoa. Utapiamlo si ushahidi wa zinaa ya mtu. Ni maradhi yenye sababu na yenye dawa.

Ramadhani, je? Mama mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa katika dini ya kufungua na kulipa baadaye wanapojihofia au kumhofia mtoto. Muulize sheikh wako, na muulize muuguzi hali ya damu na uzito wako.

Ninunue dawa za vitamini dukani? Usinunue bila kupimwa. Vitamini nyingine zikizidi hudhuru. Vitamini A nyingi mno ni hatari kwa mimba changa, kwa hiyo mjamzito asimeze vile vidonge vikubwa vya vitamini A, wala asile maini kila siku.

Mpime mwanao leo

Sasa mtazame mtoto uliyempakata. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Kama mashimo yamebaki miguu yote miwili, usingoje kesho.

Pia kuna utepe wa kupima mkono wa juu kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, yuko salama. Manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, yuko hatarini, anahitaji kusaidiwa na kufuatiliwa. Nyekundu ni chini ya 11.5, ni mgonjwa sana. Mhudumu wa afya wa mtaa wako anao utepe huo na atakufundisha kuutumia mwenyewe nyumbani. Na kila unapokwenda kliniki beba kijitabu cha mama na mtoto, uulize mstari wa uzito unapanda, umelala au unashuka. Mstari uliolala miezi miwili ni ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkimbize mtoto kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Faza, ya Mpeketoni au ya King Fahd hapa Amu, ukiona mojawapo ya haya: amevimba miguu yote miwili, hawezi kunyonya, kula wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki vizuri, anaharisha damu, au macho yamedidimia kwa kuharisha, haoni magharibi. Njiani endelea kumnyonyesha. Akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kituoni utapewa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Lakini ikiwa amevimba au amekonda sana, maji hayo apewe kwa maelekezo ya muuguzi tu. Wala usijaribu kumlisha mno ili apone haraka, kwa sababu mwili uliozoea njaa hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafla. Hospitali huanza na maziwa maalumu kwa kiasi kidogo kidogo, kisha chakula cha njugu cha dawa ambacho wengi humalizia nyumbani.

Kumalizia

Mtoto wa kisa chetu alilazwa. Nilipozungumza vizuri na mama yake nikajua yote. Alimwachisha titi siku ile ile alipojua ana mimba, kwa kuwa aliambiwa maziwa yamekuwa sumu. Tangu hapo mtoto alikuwa akila wali na mchuzi, asubuhi chai ya rangi na hamri. Miguu ilipoanza kuvimba, bibi alimfunga hirizi, wakangoja wiki mbili. Siku za kwanza wodini hatukuwa na hakika naye. Uvimbe ulipotoka, tukaona jinsi alivyokuwa mwembamba ndani yake. Siku aliyocheka, mama yake alilia.

Bibi alikuja kumtazama, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza nimwoneshe namna ya kubonyeza. Nikamwonesha. Baada ya miezi kadhaa alikuja kliniki na mtoto wa jirani, miguu imeanza tu kujaa. Huyo hakulazwa hata siku moja.

Basi mama, kumbuka haya: titi pekee miezi sita, na uendelee mpaka miaka miwili, nofu kwa mtoto, si mchuzi, kila siku kitu cha kijani au cha manjano na ndimu kidogo, chai si ya mtoto, vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita, dawa ya minyoo ikianza mwaka mmoja, chanjo ya surua miezi 9 na 18, na kidole gumba juu ya unyayo. Mwambie na jirani ambaye hana redio. Mpaka mazungumzo yetu yajayo, nawatakia afya njema. Wassalam aleikum.